Namna ya kupima michuano mipya ya langalanga kabla hujaamini kwamba itaipiku Formula One

Kila baada ya miaka michache hutokea tajiri akafunua gari jipya la magurudumu wazi, muziki ukapigwa, moshi ukafukizwa, na magazeti yakaandika kwamba Formula One imepata mpinzani. Mimi kazi yangu ni kukomboa mizigo bandarini Mombasa, na langalanga naifuata tangu zama za dereva Ayrton Senna. Kazi hiyo na mapenzi hayo vimenizoesha kupita gari na kwenda moja kwa moja kwenye makaratasi: leseni iko wapi, kalenda imekaaje, timu zimefungwa na mkataba gani, na nani analipa usafiri. Nitaeleza ninavyopima. Hatua nyingine ni fupi, na nyingine ndizo zenyewe.

Anza na saa, kisha uiweke kando

Maskanini kwetu swali la kwanza huwa ni moja: gari linakwenda kasi gani? Swali si baya, ila achana na namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Tafuta uwanja uliotumiwa na michuano yote miwili, mwaka ule ule, barabara ile ile, ulinganishe muda wa aliyeshika nafasi ya kwanza ya kuanzia.

Mwaka 2019 ulitupa kipimo safi. IndyCar ya Marekani ilikwenda Austin, Texas, mwezi Machi, na Will Power akaongoza mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia kwa dakika 1 na sekunde 46. Novemba Formula One ikafika pale pale, Valtteri Bottas akazunguka kwa dakika 1 na sekunde 32. Sekunde 14 kwa mzunguko mmoja! Mbio za Formula One za Austin ni mizunguko 56. Kwa mwendo huo, gari la IndyCar lingezungukwa zaidi ya mara saba. Formula One yenyewe ina kanuni ya asilimia 107, kwamba anayezidi kiwango hicho cha muda bora katika kipindi cha kwanza cha mchujo anaweza kuzuiwa kuanza. Gari la Power lilikuwa kwenye asilimia 115.

Monaco nako mwaka 2022 ni vivyo hivyo. Formula E, ile ya magari ya umeme, ilitumia barabara nzima ileile ya Formula One. Mitch Evans alianza wa kwanza kwa dakika 1 na karibu sekunde 30. Wiki chache baadaye Charles Leclerc alipita hapo kwa dakika 1 na sekunde 11.

Kabla hujacheka, nenda Indianapolis, uwanja wa mviringo wa IndyCar. Mwaka 2024 Scott McLaughlin alifuzu wa kwanza kwa mizunguko minne yenye wastani wa karibu kilomita 377 kwa saa. Huo ni wastani, si kasi ya kilele. Monza, uwanja wenye mwendo mkali kuliko vyote vya Formula One, mzunguko bora wa mchujo una wastani wa kama kilomita 264. Kila gari limejengwa kwa kazi yake. Saa itakuambia gari limekusudiwa nini na limetengewa bajeti ya aina gani, na hapo ndipo faida yake inapokwisha.

Leseni

Hili ni fupi lakini ndilo linalowaangusha wengi kabla hata injini haijawashwa. Mbio za kimataifa zinakwenda kwa idhini ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na kanuni zake zinaruhusu kumwadhibu mwenye leseni anayekwenda kukimbia kwenye mbio zisizotambuliwa. Dereva kijana mwenye ndoto ya Formula One hatahatarisha leseni yake kwa ajili ya mshahara wa msimu mmoja.

Kisha uliza swali hili: bingwa wa michuano hiyo mipya atapewa pointi ngapi za leseni kuu? Ili uingie Formula One unahitaji pointi 40. Bingwa wa IndyCar hupata zote 40 kwa mkupuo. Bingwa wa Formula E hupata 30. Kwa hiyo daraja la kila michuano limekwisha kupangwa, na aliyelipanga ndiye huyo huyo aliyeweka Formula One juu ya ngazi. Mwaka 2022 Red Bull walimtaka Colton Herta, kijana aliyekwisha kushinda mbio za IndyCar, wampe gari katika timu yao ya pili. Pointi zake hazikutosha, FIA ikagoma, mambo yakaishia hapo.

Ina mbio gani ambazo watu wangekuja hata kama madereva ni wageni?

Hapa tukae kidogo, maana hapa kuna kisa ambacho kila mwekezaji wa langalanga angepaswa kukisoma kabla ya kuandika hundi.

Hakuna michuano iliyowahi kuikaribia Formula One kama CART, michuano ya magurudumu wazi ya Marekani kabla ya IndyCar ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nigel Mansell alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1992, akagombana na timu yake kuhusu mkataba, akavuka bahari. Mwaka 1993 akashinda mbio zake za kwanza kabisa za CART, kule Surfers Paradise, Australia, na mwisho wa msimu akabeba taji. Bingwa wa dunia aliyepo madarakani alikuwa ameihama Formula One akaenda kutwaa taji jingine! Nyuma yake akaja Jacques Villeneuve, akashinda Indianapolis 500, zile mbio kubwa za maili 500, na ubingwa mwaka 1995, na miaka miwili baadaye akawa bingwa wa Formula One. Njia ilikuwa inapitika pande zote mbili, na hiyo kwangu ndiyo dalili ya wapinzani wa kweli: dereva anakwenda na anarudi, na hakuna anayesema ameshuka daraja.

CART walikuwa na magari bora, timu bora, madereva bora na wadhamini wa sigara wasiohesabu pesa. Kitu kimoja hawakuwa nacho. Uwanja wa Indianapolis ulikuwa wa familia ya Hulman, na mjukuu wao Tony George ndiye aliyeuongoza. George aliona CART inawasahau madereva wa Kimarekani na viwanja vya mviringo, akaanzisha michuano yake, Indy Racing League, na mwaka 1995 akatangaza kwamba nafasi 25 kati ya 33 za Indianapolis 500 ya mwaka 1996 zitatengewa watu wa ligi yake.

CART wakasema haidhuru, tutafanya yetu. Siku ile ile, Mei 26, 1996, wakaandaa mbio za maili 500 Michigan na wakaziita U.S. 500. Magari yakagongana kwa wingi kabla hata ya kuanza. Indianapolis nako alishinda Buddy Lazier, jina ambalo wengi nje ya Marekani hawakulijua. Kwa hesabu ya ubora, Michigan walikuwa mbele. Lakini watu wamekuwa wakienda Indianapolis tangu mwaka 1911, babu na baba na mtoto, na hawakuwa tayari kuhamia Michigan kwa sababu madereva wazuri wako huko. Wadhamini wakafuata watu. Timu zikafuata wadhamini. Roger Penske, mwenye timu kubwa, akahama mwaka 2002, wengine nyuma yake. CART ikafilisika, ikarithiwa na Champ Car, na mwaka 2008 nayo ikamezwa na upande wa Tony George, ambao ndio IndyCar ya leo. Mwenye magari duni na mbio moja kubwa alimshinda mwenye kila kitu kingine.

Kwa hiyo chukua kalenda ya michuano mipya uifunike jina la michuano kwa kidole. Je, imebaki mbio hata moja ambayo ungeijua? Formula One ikifunikwa jina bado inabaki na Monaco, Monza, Silverstone, Spa. Ndiyo maana kalenda iliyojaa maegesho ya magari na barabara za mjini za kukodi hunitia shaka, hata kama picha zinavutia usiku.

Fuata mzigo

Hapa ndipo penye ujuzi wangu, kwa hiyo mnivumilie.

Timu ya Formula One haisafirishi kila kitu kwa ndege. Magari na vipuri vya thamani hupanda ndege; kuta za gereji, meza, vifaa vya jikoni na nyaya hupanda meli. Kwa kuwa meli haiwezi kukimbizana na kalenda, kila timu huwa na seti kadhaa za vifaa hivyo, na seti zinapishana baharini: moja iko Asia inasubiri, nyingine imo njiani kwenda Amerika. Ni gharama kubwa, lakini maana yake ni kwamba kontena moja likikwama mahali, mbio zinaendelea.

Sasa tazama A1 Grand Prix, ambayo ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Ilianzishwa na Sheikh Maktoum Hasher Maktoum Al Maktoum wa Dubai, na wazo lake lilikuwa zuri mno: kombe la dunia la langalanga. Si timu za makampuni, ni nchi. Pakistan ilikuwa na gari, Lebanon ilikuwa na gari, Indonesia, Afrika Kusini. Luis Figo aliingia kwenye timu ya Ureno, Ronaldo yule wa Brazil kwenye timu ya Brazil. Magari yote yalikuwa sawasawa, Lola yenye injini ya Zytek V8 ya nguvu farasi zaidi ya 500, ili nchi maskini isishindwe kwa sababu ya pesa. Msimu ulianza Septemba pale Brands Hatch mwaka 2005 na ukapita katikati ya miezi ambayo Formula One imelala. Januari 2006 walikimbia kwenye barabara za Durban, kando ya bahari, na mbio kuu zikachukuliwa na Uholanzi. Dereva alikuwa Jos Verstappen. Mwanawe Max, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa Formula One, wakati huo alikuwa bado mtoto wa karting, mbio za vigari vidogo.

Ukipima kwa vigezo vya maskani, hiyo ilikuwa na kila kitu. Ukipima kwa macho ya bandarini, tatizo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: magari na usafiri vyote vilikuwa chini ya mkono mmoja. Timu ilikuwa na bendera, mafundi na dereva. Roho ilikuwa kwa mwandaaji.

Sheikh alikaa pembeni mwaka 2006 na usukani ukashikwa na Tony Teixeira wa Afrika Kusini. Msimu wa 2008 na 2009 wakaleta gari jipya lenye injini ya Ferrari. Magari yakachelewa kukamilika, duru ya kwanza ya Mugello ikafutwa, na walipoanza Zandvoort timu nyingine hazikuwa na gari la kuendesha. Ireland wakachukua taji na Adam Carroll. Kisha Oktoba 2009 mbio za Surfers Paradise zikafutwa siku chache kabla. Uwanja ulikuwa tayari, tiketi zimeuzwa. Magari yalikuwa Uingereza na hayakuweza kutoka, kwa sababu kampuni iliyoyaendesha imekwisha kuingia mikononi mwa wafilisi. Michuano haikukimbia tena.

Hilo nalijua kwa mikono yangu. Nimesimama getini na mteja aliyelipa ushuru wote, risiti anazo, lori limekwisha kukodiwa na dereva wake amelala chini ya tela. Karani anapitisha kidole kwenye orodha, anafika kwenye namba ya kontena, anatikisa kichwa. Mwenye ghala anamdai mtu wa kati, na mpaka alipwe hakuna kitakachotoka. Mteja anaweza kupiga kelele mpaka jua lizame. Deni si lake lakini mzigo uliozuiwa ni wake. Timu zote za A1 zilikuwa mteja huyo.

Linganisha na Formula One mwaka 2014. Caterham na Marussia ziliishiwa pesa kwa wakati mmoja, zikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na zikakosa mbio za Austin na Brazil. Magari 18 yalikimbia, mbio zikaonyeshwa, washindi wakapewa vikombe. Timu mbili zilianguka na michuano haikuyumba, kwa sababu hakuna aliyekuwa anashikilia mzigo wa mwenzake.

Kwa hiyo, ukisoma tangazo, tafuta mstari unaosema magari ni ya nani. Ukikuta yote ni ya mwandaaji, tafuta anayemfadhili mwandaaji na uliza ana subira ya miaka mingapi. Superleague Formula, ile ya magari ya rangi za klabu za kandanda, nayo ilikuwa hivyo. Ilianza 2008 ikiwa na injini za V12 na gari la Liverpool, la Milan, la Flamengo. Ilikufa 2011. (Sijawahi kukutana na shabiki wa Liverpool aliyejua kwamba timu yake ilikuwa na gari.)

Pesa inarudi kwa nani?

Formula One mwaka 2024 iliingiza takriban dola bilioni 3.4, na zaidi ya bilioni 1.2 kati ya hizo zikarudi kwa timu. Matumizi ya kila timu yana kikomo, ambacho msingi wake ulikuwa dola milioni 135 kabla ya nyongeza mbalimbali. Weka namba hizo pamoja uone kwa nini General Motors wenye Cadillac, waliokuwa na uwezo wa kwenda popote, walikubali kukataliwa, kusubiri na kulipa mamilioni ili wawe timu ya 11 mwaka 2026. Michuano mipya isiyoweza kuonyesha kwa maandishi timu italipwa nini mwaka wa tatu, baada ya pesa za uzinduzi kwisha, inauza shati tu.

Sahihi za nani ziko chini?

Ukiniuliza ni lini Formula One iliwahi kuwa hatarini, sitataja michuano yoyote mipya. Nitataja siku ambazo timu zake zenyewe zilitaka kuhama kwa pamoja.

Mwanzoni mwa 1981, timu za Uingereza chini ya Bernie Ecclestone zilikuwa kwenye vita na FISA, chombo cha michezo cha shirikisho hilo, na zilikuwa zimekwisha kutangaza michuano yao. Februari wakakimbia Kyalami, Afrika Kusini, bila Ferrari wala Renault. Carlos Reutemann akashinda, Nelson Piquet akawa wa pili. Mbio hizo hazikuhesabiwa. Mwezi uliofuata pande zote zikatia sahihi Mkataba wa Concorde, makubaliano ya kugawana madaraka na mapato, na mwisho wa mwaka Piquet akawa bingwa kwa pointi 50 dhidi ya 49 za Reutemann. Mbio za Kyalami zingehesabiwa, Reutemann angekuwa bingwa wa dunia. Huwa nawapa vijana hesabu hiyo waifanye wenyewe.

Mwaka 2009 ilirudi tena. Timu nane, Ferrari na McLaren zikiwemo, zilitangaza usiku wa kuamkia mazoezi ya Silverstone kwamba zitaanzisha michuano yao, kwa hasira juu ya kikomo cha bajeti alichotaka Max Mosley, rais wa FIA. Haikufika hata wiki moja. Walikutana Paris, Mosley akakubali kutogombea tena, kikomo kikawekwa kando. Hiyo ndiyo michuano pekee mipya ambayo ningeiwekea dau, na haikukimbia hata mzunguko mmoja, kwa sababu tishio lilitosha.

Kwa hiyo shuka chini ya tangazo usome majina. Kama hakuna Ferrari, au angalau timu tano zinazohama pamoja na injini zao, unachosoma ni habari ya michuano mingine ya daraja la pili. Hilo si tusi. IndyCar ni ya daraja hilo na ina mbio tamu kuliko nyingi za Formula One.

Mpwa wangu na simu yake

Mpwa wangu yuko Kigali kimasomo, na tangu Rais Kagame atangaze Desemba 2024 kwamba Rwanda inataka kuandaa Formula One, kila wiki ananitumia habari. Afrika haijapata mbio hizo tangu Kyalami 1993, kwa hiyo kiu yake naielewa. Juzi akaniuliza: "Mjomba, kwani tusichukue michuano mipya ya bei nafuu, tukue nayo?"

Nilimwambia aifanyie mtihani huu huu, kisha aongeze maswali mawili ya mwenye uwanja. Ada ya uenyeji inalipwa kabla au baada ya magari kushuka? Na mzigo ukizuiwa njiani, nani anarudisha pesa za tiketi? Mwandaaji mwenye afya hujibu haraka, tena kwa barua. Mwingine atakuletea dereva mstaafu mpige naye picha.

Na Formula E je?

Watu huniuliza hii kwa sababu imedumu. Ilianza Beijing mwaka 2014, imekuwa na hadhi ya ubingwa wa dunia tangu msimu wa 2020 na 2021, na Porsche na Jaguar wamo. Audi na BMW waliondoka, na Mercedes walibeba taji mwaka 2022 kisha wakaaga siku hiyo hiyo ya furaha. Kwa saa haiifikii Formula One. Kwa kalenda haina Indianapolis yake.

Lakini ina karatasi moja ambayo hakuna mwingine anayo. FIA iliipa haki ya pekee ya mbio za magari ya umeme mtupu ya magurudumu wazi, awali kwa miaka 25. Injini za Formula One za 2026 tayari zinapata karibu nusu ya nguvu zake kutoka kwenye umeme. Siku watakapotaka kuongeza nusu iliyobaki kabla haki hiyo haijakwisha, itabidi waende kugonga mlango wa Formula E na kuuliza bei.